Sura ya Sita: Nusu ya Kula, Nusu ya Kuacha

Watu wengi wanaoanza safari ya uhuru wa kifedha hutanguliza swali moja: niwekeze wapi? Huulizwa kwenye vikao vya vikoba, huulizwa ofisini mishahara inapotoka, na huulizwa zaidi kwenye semina za wastaafu watarajiwa, ambako mtu aliyebakiza miezi sita kazini anataka aambiwe kama mafao yake ayapeleke kwenye hatifungani, ajenge vyumba vya kupangisha au anunue daladala. Swali ni halali, ila limekuja kabla ya zamu yake. Yapo matatu yanayolitangulia. Maisha yangu yanagharimu kiasi gani kwa mwaka? Fedha hii nitaihitaji lini? Na katika kile itakachozaa, nina haki ya kula kiasi gani?

Hilo la tatu ndilo moyo wa sura hii. Mwenye mtaji akilikosea, hata uwekezaji mzuri kuliko wote hautamvusha.

Ijue gharama ya maisha yako

Katika kitabu hiki, mtu aliye huru kifedha ni yule ambaye mali zake zinamwingizia fedha za kutosha kulipia maisha yake bila mshahara, leo na siku zote atakazoishi. Kwa hiyo hesabu haianzii kwenye kipato. Inaanzia kwenye matumizi.

Tuchukue mfano wa familia ya mjini. Mume na mke wote wanafanya kazi, na kwa pamoja wanabaki na shilingi 1,700,000 kwa mwezi baada ya makato. Wanatumia 1,200,000 na kuweka akiba 500,000. Tutakwenda nao mpaka mwisho wa sura.

Hiyo 1,200,000 lazima iwe ya kweli. Ndani yake mna kodi ya nyumba, chakula, nauli, umeme na ada za watoto. Lakini mna pia fedha ya mama kijijini, mdogo aliye chuoni, michango ya harusi na ya misiba. Wengi huandika bajeti kana kwamba hawana ndugu, kisha mwisho wa mwezi wanashangaa fedha imekwenda wapi. Mchango wa msiba si jambo la ghafla. Tunajua utakuja, tarehe tu ndiyo hatuijui. Upangie fungu lake. Na kama huna kumbukumbu, chukua taarifa ya miamala ya simu yako ya miezi sita iliyopita, ijumlishe, ugawe kwa sita. Takwimu utakayoipata ni ya kuaminika kuliko kumbukumbu ya mtu yeyote.

Familia yetu, basi, inahitaji 1,200,000 mara 12, yaani shilingi 14,400,000 kwa mwaka.

Majibu mawili yanayopishana kwa milioni 240

Je, inahitaji mtaji wa kiasi gani ili mali zake ziilipie hiyo 14,400,000?

Aliyesoma vitabu vya Kimarekani atajibu: zidisha matumizi ya mwaka kwa 25. Jibu ni milioni 360. Aliyeongea na jirani mwenye hatifungani za Serikali atajibu vingine: hatifungani inalipa asilimia 12 kwa mwaka, na milioni 120 zikizaa asilimia 12 zinatoa 14,400,000 kamili. Kwa nini utafute milioni 360 wakati 120 zinatosha?

Kila jibu lina asili yake. Lile la kwanza linatokana na kazi ya William Bengen, mshauri wa fedha wa California, aliyechapisha utafiti wake mwaka 1994. Bengen alichukua takwimu za masoko ya Marekani kuanzia mwaka 1926 akajiuliza: mstaafu mwenye mchanganyiko wa hisa na hatifungani anaweza kuchota kiasi gani kila mwaka, huku akikiongeza kadiri bei zinavyopanda, bila fedha kumwishia ndani ya miaka 30? Alikuta kwamba aliyeanza na asilimia 4 ya mtaji wake alivuka salama hata katika vipindi vibaya. Asilimia 4 ni moja ya ishirini na tano, na hapo ndipo ilipotoka ile 25. Ni utafiti wa heshima, lakini ulipima hisa za Marekani, hatifungani za Marekani na mfumuko wa bei wa dola. Haukupima shilingi.

Jibu la jirani linatokana na hali yetu wenyewe, ila limesahau jambo moja kubwa. Hatifungani ya milioni 120 itakulipa 14,400,000 mwaka huu, mwakani, na mwaka wa ishirini, bila kuongeza hata senti. Siku ya mwisho utarudishiwa milioni 120 zile zile. Bei za sokoni hazisimami hivyo. Mfumuko wa bei ukiwa asilimia 5 kwa mwaka, baada ya miaka kumi ile 1,200,000 ya mwezi itanunua vitu ambavyo leo vinanunuliwa kwa takriban 737,000. Baada ya miaka ishirini itanunua vya 452,000. Mtu aliyeacha kazi akiwa na miaka 50 akijiona huru, akifika 70, umri ambao gharama za matibabu zinapanda, atakuwa anaishi kwa chini ya nusu ya kile alichoanza nacho. Hakuibiwa na hakuwekeza vibaya. Alikula sehemu ya riba ambayo haikuwa yake kula.

Riba ya asilimia 12 ina sehemu mbili ndani yake. Sehemu moja inafidia thamani inayoliwa na mfumuko wa bei. Hiyo ni mtaji wako mwenyewe unaokurudia kidogo kidogo. Inayobaki ndiyo faida. Ukila zote mbili, unakula mtaji bila kujua.

Jibu la katikati

Sasa turudi kwa familia yetu, tuifanyie hesabu kwa kanuni hii: kwa hatifungani inayolipa asilimia 12, kula nusu, acha nusu.

Ukila asilimia 6, mtaji unaohitajika ni 14,400,000 ukigawa kwa 0.06, yaani milioni 240. Milioni hizo 240 zitalipa 28,800,000 kwa mwaka. Kwa kuwa hatifungani za Serikali hulipa riba kila baada ya miezi sita, kila malipo yatakuwa 14,400,000. Papo hapo gawanya: 7,200,000 zinakwenda kwenye akaunti ya matumizi, zinatosha miezi sita kwa 1,200,000 kila mwezi. Zile 7,200,000 nyingine zinarudi kununua hatifungani au vipande vya mfuko wa uwekezaji. Mtaji unakua kwa takriban asilimia 6 kwa mwaka, na mfumuko wa bei ukiwa 5 unabaki na akiba ndogo ya usalama.

Kwa nini akiba hiyo inahitajika? Kwa sababu hakuna kati ya takwimu hizi mbili iliyofungwa kwa msumari. Kuanzia 2018 hadi 2024 wastani wa mfumuko wa bei wa mwaka nchini Tanzania ulibaki kati ya asilimia 3 na 5, lakini Desemba 2011 ulikaribia asilimia 20. Riba nazo hubadilika. Mwaka 2021 hatifungani ya miaka 25 ilitolewa kwa riba ya asilimia 15.95; mwaka uliofuata, hatifungani mpya ya muda huo huo ilitolewa kwa 12.56. Aliyenunua ile ya kwanza anaendelea kulipwa 15.95 hadi iive, lakini kila riba anayoirudisha sokoni inakuta viwango vya siku hiyo. Ndiyo maana anayepanga maisha yake kwa kiwango cha juu alichowahi kukisikia anapanga juu ya mchanga.

Kanuni ya nusu si amri. Riba ya soko ikishuka hadi 10, usile 5 kwa sababu tu ni nusu. Toa kwanza makisio yako ya mfumuko wa bei, ubakize na kidogo cha tahadhari, kisha kula kinachosalia. Jambo la kushika ni mpangilio: fidia ya mtaji inatoka kwanza, tumbo linafuata.

Shilingi unayoipunguza hufanya kazi mara mbili

Milioni 240 zinatisha. Familia yetu inaweka 500,000 kwa mwezi, sawa na milioni 6 kwa mwaka. Tukichukulia kwamba akiba yao inakua asilimia 6 juu ya mfumuko wa bei, na kwamba wanaongeza kiwango cha kuweka kadiri bei zinavyopanda, itawachukua miaka 21 kufika.

Wengi wakisikia miaka 21 hukimbilia kutafuta uwekezaji unaolipa zaidi. Tupime. Faida ikipanda kutoka asilimia 6 hadi 7 juu ya mfumuko wa bei, safari inapungua mpaka karibu miaka 20. Wameokoa mwaka mmoja na kidogo, na pengine wameingia kwenye hatari kubwa zaidi ili kuupata.

Sasa tupime upande wa pili. Wakipunguza matumizi kwa 200,000 kwa mwezi, akiba inapanda kutoka 500,000 hadi 700,000. Wakati huo huo lengo linashuka, kwa sababu maisha ya 1,000,000 kwa mwezi yanahitaji milioni 200 tu. Safari inakuwa ya miaka 15. Miaka sita imeokolewa, bila kubahatisha chochote.

Sisemi watu wajinyime mpaka watoto walale njaa. Familia nyingi hazina hiyo 200,000 ya kupunguza, na kwao kazi ya kwanza ni kuongeza kipato. Nasema kwamba aliye na nafasi ya kuchagua aangalie maamuzi makubwa matatu au manne ya nyumbani: kodi ya nyumba, gari, shule, na mikopo. Hapo ndipo miaka inapookolewa au kupotea. Ugomvi wa soda na vocha hauwezi kufidia gari lililonunuliwa kwa mkopo ambalo mshahara hauliwezi.

Nyumba au hatifungani?

Hakuna mjadala wa fedha unaotugawa kama huu. Wa upande wa nyumba wanasema ardhi haidanganyi. Wa upande wa hatifungani wanataja asilimia 12 na kuuliza nyumba gani inalipa hivyo. Wote wanalinganisha vitu visivyolingana.

Tuseme nyumba na kiwanja chake vimegharimu milioni 120, na inapangishwa 600,000 kwa mwezi, sawa na 7,200,000 kwa mwaka. Toa mwezi mmoja wa kukaa bila mpangaji, kodi ya zuio ya asilimia 10 kwenye pango, na matengenezo ya 1,200,000. Unabaki na takriban 4,740,000, karibu asilimia 4 ya mtaji. Ukiiweka pembeni ya 12, nyumba inaonekana imeshindwa vibaya.

Lakini pango hupanda bei zinapopanda, na kwa kawaida thamani ya kiwanja pia. Nyumba inajifidia yenyewe. Ile asilimia 4 unaweza kuila karibu yote. Kwa hiyo ulinganisho wa haki ni 4 ya nyumba dhidi ya 6 ya hatifungani. Hatifungani bado iko mbele, lakini pengo limekuwa dogo, na sasa yanaingia mambo mengine. Siku ya hospitali huwezi kuuza chumba kimoja, ila unaweza kuuza sehemu ya hatifungani kwenye soko la pili, ingawa bei yake hushuka riba mpya zinapopanda. Nyumba inataka hati safi, usimamizi na wapangaji waaminifu. Kwa upande mwingine, mfumuko wa bei ukirudi kama ule wa 2011, mwenye nyumba atalala usingizi mzuri kuliko mwenye hatifungani peke yake.

Uamuzi wangu kwa msomaji wa kawaida ni huu: pata kwanza mahali pa kuishi pasipokumaliza, usijenge nyumba ya pili kwa mkopo, na mtaji wa kukulisha uweke sehemu kubwa kwenye vitu ambavyo unaweza kuvigawa na kuviuza kwa vipande.

Vipande na hisa

Hatifungani ya Serikali hununuliwa kwenye mnada wa Benki Kuu kupitia benki au dalali aliyeidhinishwa, kuanzia shilingi 1,000,000. Asiyefikia hapo, au asiyetaka kufuatilia minada, anaweza kununua vipande vya mifuko ya uwekezaji wa pamoja. UTT AMIS ndiyo inayojulikana zaidi. Mfuko wake wa Umoja ulianza mwaka 2005, na baadaye ikafuata mifuko ya Ukwasi na Hatifungani. Unaanza na kidogo na kuongeza unapoweza.

Hisa ni kwa fedha usiyoihitaji kwa miaka mingi. Mwaka 2008 hisa za benki ya NMB ziliuzwa kwa umma kwa shilingi 600. Miaka kumi na mitano baadaye zilikuwa zikiuzwa kwa zaidi ya 4,000, mbali na gawio la kila mwaka. Mwaka 2017 hisa za Vodacom Tanzania ziliuzwa kwa 850, na miaka kadhaa baadaye bei ilikuwa bado chini ya hapo. Siku ya kununua, umati ulikuwa na matumaini katika kampuni zote mbili. Ndiyo sababu mtu hapaswi kuweka ada ya mwakani kwenye hisa, wala kuweka mtaji wake wote kwenye kampuni moja.

Fedha hii itahitajika lini?

Fedha ya chini ya mwaka mmoja, pamoja na akiba ya dharura ya miezi mitatu hadi sita ya matumizi, ikae mahali unapoweza kuitoa ndani ya siku chache: akaunti ya akiba, au mfuko wa aina ya Ukwasi. Fedha ya miaka miwili hadi mitano iende kwenye hatifungani fupi au mfuko wa hatifungani. Fedha ya zaidi ya hapo ndiyo ya hatifungani ndefu na hisa. Anayefunga fedha yote kwenye hatifungani ya miaka 25 bila akiba ya dharura, siku mtoto akilazwa atajikuta mlangoni kwa mkopeshaji wa kausha damu, na riba ya mkopo huo itameza malipo ya hatifungani yako ya miaka mingi.

Deni ghali linalipwa kabla ya kuwekeza. Kulipa mkopo wa asilimia 16 ni sawa na kuwekeza kwa asilimia 16 bila hatari yoyote. Na kuchukua mkopo wa mshahara kwa 16 ili kununua hatifungani ya 12 ni kununua hasara kwa mkataba.

Pensheni yako ihesabiwe

Mjadala wa kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao ya wastaafu, umewafanya watumishi wengi watazame mkupuo peke yake, ile sehemu inayolipwa mara moja mtu anapostaafu. Mwaka 2022 mkupuo uliwekwa asilimia 33, na mwaka 2024 Serikali ikatangaza kuurudisha juu hadi asilimia 40 kwa wale waliokuwa wakipata 50 hapo awali. Malalamiko yana msingi, kwani watu walikuwa wamepanga maisha yao kwa kanuni nyingine. Hata hivyo, usidharau fedha ya kila mwezi. Kwa hesabu yetu ya asilimia 6, kila 100,000 ya pensheni ya mwezi inakupunguzia milioni 20 katika lengo lako. Ila usiihesabu kana kwamba itapanda kila mwaka pamoja na bei. Ile nusu unayoiacha kwenye hatifungani ndiyo itakayoziba pengo.

Na mkupuo ukishaingia, jihadhari na wanaokuja na faida ya asilimia 30 kwa mwezi. Mwaka 2009 Serikali ilisimamisha shughuli za DECI, mpango ambao wanachama waliambiwa wapande mbegu wavune mara mbili au zaidi. Maelfu walibaki na stakabadhi. Swali la kumuuliza kila mleta mpango ni moja: anayenilipa analipa kutoka wapi? Serikali inalipa riba kutoka kwenye kodi. Benki inalipa gawio kutoka kwenye faida iliyokaguliwa. Mpangaji analipa kutoka kwenye kipato chake. Kama malipo yako yanatoka kwa mwanachama mpya, wewe si mwekezaji.

Kwa hiyo, msomaji, kabla hujaingia sura inayofuata, chukua karatasi uandike mambo manne: matumizi yako ya mwaka pamoja na ndugu zako, matumizi hayo ukigawa kwa 0.06, pensheni unayoitarajia, na madeni uliyonayo. Kaa na mwenzi wako mkubaliane kuhusu takwimu hizo, kwa sababu lengo linalojulikana na mtu mmoja ndani ya nyumba ya wawili halifikiwi. Kisha, siku riba ya kwanza itakapoingia, hata kama ni shilingi 60,000, igawanye siku hiyo hiyo kabla haijazoeleka mfukoni. Atakayeshindwa kuacha nusu ya 60,000 hataweza kuacha nusu ya milioni 14.